Si Kila Kicheko ni Utani

Kuna sentensi moja ambayo ningekuwa na uwezo ningeinyang'anya leseni: "Tulia buda, ni utani tu." Inasemwa na msee ambaye ametoka kumwaibisha mwenzake mbele ya watu. Inasemwa na mtangazaji wa redio asubuhi baada ya kuiga lafudhi ya mama aliyepiga simu. Inasemwa na mjomba harusini, na mwalimu darasani, na mwanasiasa jukwaani. Halafu mambo yanaishia hapo, kwa sababu anayekataa utani ndiye anayeonekana ana shida. Aliyepigwa ndiye anayeombwa apoe.

Hoja yangu ni fupi na sitaizungusha. Huo si utani. Utani ni kitu kingine kabisa, kina sheria na kina gharama, na wengi wanaolitaja jina lake kila siku hawajawahi kulipa hata senti ya gharama hiyo. Kiswahili kina maneno mengi ya kuchekana, na kila neno lina kazi yake. Sisi tumeyatupa yote kwenye sufuria moja tukakoroga, na sasa hatujui tena nani anacheza, nani anapigana na nani anaumizwa. Waliofaidika na mkorogo huo ni watu wa aina mbili: waonevu wa mtaani na wakubwa wa serikali.

Kwanza, mtani ni nani

Kwa majirani zetu wa Tanzania, utani haukuwa tabia ya mtu mcheshi. Ulikuwa uhusiano, kama ushemeji ulivyo uhusiano. Ulizaliwa ndani yake, ukajua watu wa kabila gani au ukoo gani ni watani wako, na wao wakajua. Miaka ya 1940, R. E. Moreau, mzungu aliyejulikana zaidi kwa utafiti wake wa ndege kule Amani, aliandika makala kuhusu utani wa Tanganyika. Hata mtu wa ndege aliona hapa pana jambo. Wapo wanaoueleza kwa misafara ya karne ya 19, wakati wapagazi wa Kinyamwezi walipobeba pembe za ndovu kutoka bara hadi pwani: ukipita nchi za watu miezi na miezi, unahitaji mtu huko njiani ambaye si ndugu yako wala si adui yako. Wapo pia wanaosema ulianza kwa makabila yaliyopigana zamani, kisha yakaamua kuendeleza vita kwa maneno peke yake.

Sasa angalia kazi ya mtani. Msibani, wakati wafiwa wamekaa chini kwa majonzi, watani ndio walioshika jembe. Walichimba kaburi, walibeba maiti, walihangaika na sufuria. Na katikati ya kazi hiyo waliruhusiwa kufanya vituko: kumwigiza marehemu alivyokuwa akitembea, kugoma kuendelea mpaka wapewe chochote, kumtania mjane mpaka acheke huku machozi yanamtoka. Hakuna aliyeruhusiwa kukasirika. Lakini ona mpangilio wake. Jembe lilitangulia, kicheko kikafuata. Haki ya kunicheka uliinunua kwa kukubali kunizika.

Hata sisi Kenya tunaijua sheria hii, tumesahau tu jina lake. Nyanya yako akikuita "bwanangu" na kukuuliza mbona umemwacha akaoe huyo kasichana kembamba, hakutukani. Ni yule yule aliyekufunika blanketi ukiwa na malaria. Amelipa zamani. Ndiyo maana pia magazeti ya Tanzania huwaita Yanga, klabu ya 1935, na Simba, ya 1936, "watani wa jadi". Hayasemi maadui. Kila upande unajua kwamba siku mwenzake akifa, na yeye hana tena cha kuchezea.

Sisi wa mjini tuna wetu, mchongoano. Kuchongoa ni kutia kitu ncha, kama unavyochongoa kijiti. Kuchongoana basi ni kutiana ncha, mmoja akimnoa mwenzake kama visu viwili. Aliyekulia kwenye ploti anajua masharti bila kufundishwa. Mnakuwa wawili. Mnapeana zamu. Umati ndio jaji. Na kubwa zaidi, unachosema lazima kiwe uongo ambao kila mtu anajua ni uongo. Ukisema mamake ni mnene mpaka akipanda matatu konda anapiga honi na kuondoka kwa sababu gari limejaa, hiyo si habari, ni sanaa. Lakini siku utakaposema mamake hupika chang'aa, na kweli hupika, mchezo umekufa. Watoto wa miaka tisa wanajua. Kimya kinashuka, mtu anaokota jiwe.

Huko Marekani vijana weusi wana mchezo wa aina hii, na William Labov, mtaalamu wa lugha, aliuandikia mwaka 1972. Alikuta sharti lile lile: tusi la mchezo lisiwe la kweli, na likiguswa la kweli, mchezo unageuka ugomvi. Bahari mbili tofauti, watoto tofauti, sheria moja.

Na pwani yetu ilikuwa na shule yake. Mwanzo wa karne ya 19, Muyaka bin Haji wa Mombasa na washairi wa Lamu walirushiana mashairi huku miji yao ikiwa vitani kweli. Kulikuwa na kejeli ndani yake, tena kali, lakini ilibidi ujibu kwa vina na mizani. Hukuweza kumvamia mtu kwa uvivu. Akina mama wa Mombasa nao walikuwa na vyama vya lelemama vilivyoshindana kwa ngoma, mavazi na nyimbo za kuchomana. Miaka ya 1990, Dar es Salaam nzima ilijua Khadija Kopa wa TOT na Nasma Khamis wa Muungano wanapigana mipasho, na watu walilipa kiingilio kuwasikiliza. Kijembe kilitupwa, kijembe kilirudi.

Je, umeona kinachounganisha utani, mchongoano, kujibizana na mipasho? Anayechekwa ana zamu yake. Mlango uko wazi pande zote mbili.

Sasa linganisha na neno tunalotumia leo, kurosti. Kwa Watanzania rosti ni mchuzi mzito wa nyama au maini. Kwetu, anayeiva ni mtu. Na nyama haina zamu. Unamchukua mtu ambaye hakuomba, unampiga picha akiwa amelala kwenye basi, unaipandisha mtandaoni, watu elfu tano wanamgeuza kama mishikaki, na yeye anaamka akiwa ameshaiva. Mchongoano na huko kurosti ni vitu viwili, jameni. Tumeviita kimoja kwa sababu vyote vina watu wanaocheka.

Maneno yana uzito, na uzito huhama

Najua kuna mtu hapo tayari ananiambia lugha hubadilika. Kweli hubadilika. Mimi ndiye wa kwanza kukubali, na nitakupa mifano mizuri kuliko yako.

Chukua dhihaka. Limetoka kwenye mzizi wa Kiarabu wenye maana ya kucheka tu, kicheko cha kawaida, hata cha furaha. Lilipovuka bahari likapata meno. Leo ukisema mtu amekudhihaki, humaanishi alicheka, unamaanisha alikushusha. Sasa chukua masihara. Hili lilienda njia ya pili. Mzizi wake wa Kiarabu ndio wa kubeza watu, na kitenzi cha mzizi huo ndicho kilichotumika kwenye aya ya 11 ya sura ya 49 ya Kurani, pale watu wanapokatazwa kuwabeza wengine ambao huenda ni bora kuliko wao. Lakini kwa Kiswahili masihara yamepoa, yamekuwa mchezo, kitu cha kusema "acha masihara" ukimpiga mtu bega. Maneno mawili yamepishana njiani kama matatu za kwenda na kurudi.

Na mzaha je? Zaburi ya kwanza inamsifu mtu asiyekaa pamoja na watu wa aina fulani. Biblia ya Kiingereza ya King James, ya mwaka 1611, iliwaita kwa neno la kale, scornful, wenye dharau, watu wanaomtazama mwenzao kutoka juu. Union Version ya Kiswahili, iliyokamilika 1952, ikawaita wenye mizaha, na ikawaweka barazani. Labda zamani mzaha ulikuwa na uzito huo. Wahenga walionya kwamba mzaha mzaha hutumbuka usaha, na usaha si kitu chepesi. Lakini leo mzaha ni kuchekesha tu, na matokeo yake ni mahubiri yanayofanya kijana aone dhambi kucheka, huku yule mwenye dharau halisi, anayekaa kiti cha mbele na kumkagua kila anayeingia na viatu vilivyochanika, hajioni popote kwenye Zaburi hiyo. Yeye hachekeshi. Kwa hivyo yuko salama. Neno likihama, mwenye hatia anaweza kuhama nalo.

Kwa hivyo swali langu si kama lugha hubadilika. Ninauliza: ikibadilika, nani anapata? Neno utani lilipoacha kumaanisha "mtu atakayenizika" na kuanza kumaanisha "lolote nitakalosema nikicheka", aliyepata ni anayerusha. Aliyepoteza ni anayerushiwa, kwa sababu ameporwa neno la kujitetea. Zamani angesema: wewe si mtani wangu. Leo akisema hivyo anaambiwa hana ucheshi.

Sisibo

Niko Eldoret, mtaa wa West Indies. Mji wetu ulipewa hadhi ya jiji Agosti 2024, lakini wenyewe tunauita Sisibo. Jina hilo ni "sixty-four", namba ya shamba lililogeuka mji, lilivyotoka kwenye vinywa vya wenyeji Wakalenjin. Yaani jina tunalolipenda kuliko lile la kwenye ramani ni lafudhi. Mtu alitamka Kiingereza kwa ulimi wake, na mji mzima ukabatizwa.

Halafu katika mji huo huo, mtoto akitamka "b" palipo na "p", darasa linaangua kicheko na mwalimu anaongoza. Ameshrabu. Kila Mkenya anajua neno hilo na kila Mkenya amewahi kuliogopa. Kila mwaka mkimbiaji kutoka huku kwetu anashinda mbio za kilomita 42 kwenye mji fulani wa baridi, anawekewa maikrofoni mdomoni kabla hajapata pumzi, anajibu kwa lugha yake ya tatu, na kesho yake klipu inazunguka watu wakifa kwa kicheko. Hakuna aliyemwambia mwandishi wa habari akimbie kilomita 42 kisha ajibu maswali kwa Kinandi. Tungeona basi nani anashrabu.

Hii ndiyo dhihaka kwa maana yake ya Kiswahili. Ninayemcheka hawezi kunirudishia, na ninamcheka kwa kitu ambacho hakukichagua. Tena dhihaka hii ina historia, haikuanzia kwenye simu. Ngũgĩ wa Thiong'o ameeleza katika Decolonising the Mind, kitabu cha 1986, jinsi watoto waliokamatwa wakiongea Gikuyu shuleni walivyopigwa, au kuvishwa kibao shingoni chenye maandishi ya kuwaita wajinga au punda. Ile ilikuwa dhihaka iliyopangwa ofisini na kupewa ratiba. Ngũgĩ amefariki Mei 2025, kibao kimevuliwa, lakini sisi tumekiweka kwenye simu zetu na tunavishana wenyewe, bure, bila mkoloni hata mmoja wa kutusimamia.

Mimi mwenyewe niliacha chuo mwaka wa pili. Karo iliisha na hakuna hadithi ndefu zaidi ya hiyo. Kwenye grupu la WhatsApp la waliokuwa wenzangu, jina langu likawa "Dokta". Dokta, umeshafanya utafiti leo? Dokta, tusahihishie hii. Siku ya mahafali yao waliweka picha yangu nimesimama na jembe, wameivisha joho kwa programu ya simu. Nikatoka kwenye grupu. Mmoja akaniandikia: ni utani tu, mbona umekuwa laini?

Katika watu arobaini na kitu wa grupu lile, kulikuwa na mmoja aliyekuwa mtani wangu. Ndiye aliyenibebea godoro mpaka stejini siku niliyoondoka, akanilipia nauli, kisha akapiga simu jioni kuuliza kama nimekula. Baadaye, nikiwa kwetu, alinicheka kwamba mimi ndiye mwanafunzi wa kwanza kumaliza shahada ya miaka minne kwa miaka miwili. Nilicheka mpaka mama akaja kuangalia kuna nini. Maneno yake yalikuwa makali kuliko ya grupu zima. Lakini yeye alibeba godoro.

Niliposema mzaha mzaha hutumbuka usaha, sikusema kwa kupamba. Mji huu unajua usaha. Kwenye ploti za huku unakuta Mkalenjin, Mluhya, Mkikuyu, Mjaluo na Mkisii wanatumia mfereji mmoja, na kila mmoja ana jina la kejeli alilopewa na wengine. Yapo majina ya kabila zima yaliyoanza kama kichekesho kuhusu chakula, tohara au pesa. Na lipo neno madoadoa. Doa ni kitu kidogo, unalipata kwenye shati ukila maembe. Lakini kumwita jirani doa ni kusema shati ni langu na wewe umeliharibu. Januari 1, 2008, kanisa la Kiambaa, hapa karibu na mji, lilichomwa likiwa na akina mama na watoto waliokimbilia humo. Tume ya Waki ilihesabu waliokufa nchi nzima katika ghasia zile kuwa watu 1,133.

Nisieleweke vibaya. Sisemi kichekesho kilichoma kanisa. Moto ule ulikuwa na kuni zake: ardhi, kura, wanasiasa na miaka mingi ya kinyongo. Nasema tu kwamba kabla jirani hajawa mtu wa kufukuzwa, huwa kwanza mtu wa kuchekwa. Kicheko kinazoesha mkono. Aprili 2022, tume ya uwiano na utangamano, NCIC, ilipotoa orodha ya maneno iliyoyaona hatari kuelekea uchaguzi, madoadoa yalikuwemo, na ndani ya orodha hiyo hiyo wakaweka hatupangwingwi, neno lililotoka kwenye muziki wa vijana na kugeuzwa kauli ya kampeni. Neno lililotangulia moto na neno la kuambia wakubwa hatupangwi yakalala kitanda kimoja. Huo ndio mkorogo ninaousema, mara hii ukiwa na nembo ya serikali.

Wakubwa nao

Sababu ya kuandika makala haya si waonevu wa WhatsApp peke yao. Kuna mtu wa pili anayefurahia tukichanganya maneno, naye ana pingu.

Kejeli ni silaha ya asiyekuwa na kitu. Mwishoni mwa miaka ya 1990, vijana watatu wa Redykyulass walipanda jukwaani wakamwigiza Daniel arap Moi, rungu, sauti na yote, wakati ambapo watu wazima walikuwa bado wananong'ona jina lake. Mwaka 2009 Gado akatuletea vikaragosi vya XYZ Show, na wabunge wakajiona kwenye runinga wakiwa na vichwa vya mpira. Mwaka 2024 vijana wakamwita Rais Zakayo, mtoza ushuru wa kwenye Injili, na jina hilo moja likaeleza mswada wa fedha kuliko hotuba kumi. Hizo ni kejeli zilizopanda ngazi.

Utaniuliza: Redykyulass si waliiga lafudhi ya Moi? Na wewe si umetoka kulia juu ya lafudhi? Swali zuri. Moi alikuwa na redio, magereza, jeshi na miaka zaidi ya 20 Ikulu. Alikuwa na kila njia ya kujibu. Kumwiga kulimshusha kutoka mbinguni hadi kwenye kiti, akawa mtu. Kumwiga mama anayeuza mboga sokoni hakumshushi kutoka popote. Ni kumsukuma aliyekwisha kukaa chini. Lafudhi ni ile ile, lakini kitendo ni kingine. Hii ndiyo faida ya kuwa na maneno mawili.

Serikali haitaki tuwe na maneno mawili. Kwao kila kicheko ni matusi. Mei 2020, Dar es Salaam, Idris Sultan alikamatwa baada ya kuweka video akiicheka picha ya zamani ya Rais Magufuli ndani ya suti iliyomzidi. Alicheka, basi. Mashtaka yaliyofika mahakamani yakawa ya laini ya simu, kwa sababu kucheka hakujaandikwa kwenye sheria yoyote. Novemba 2024 mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Moi, chuo kilicho kaunti yetu hii, alishtakiwa kwa madai ya kuchapisha mtandaoni picha ya jeneza iliyoonekana kama mazishi ya Rais. Walitumia sheria ya makosa ya kompyuta ya 2018. Desemba mwaka huo, mchoraji anayejulikana kama Kibet Bull, aliyekuwa akimchora Rais kama kivuli cheusi, alitekwa kama vijana wengine siku zile, akaonekana tena Januari 2025. Polisi walikana kuhusika. Rais, akiwa Homa Bay, aliahidi utekaji utakomeshwa, na hapo hapo akawataka wazazi wachunge watoto wao.

Sikiliza hilo la mwisho. Kijana anatekwa kwa sababu ya mchoro, na jibu ni malezi. Yaani kejeli imegeuzwa kuwa utovu wa adabu, kama mtoto aliyetoa ulimi mbele ya wageni. Mkubwa anajiita mzee wetu ili kicheko chetu kiwe laana. Lakini mzee wa kweli, kama nyanya yule wa "bwanangu", anajua kutaniwa, kwa sababu anajua amelipa. Anayeogopa kuchekwa ni yule anayejua hajawahi kumbebea mtu godoro.

Na hapa wenzangu wa barabarani nawaambia pia. Mwanamke akiwa kiongozi, nusu ya kinachoitwa kejeli dhidi yake si kejeli. Ni mwili wake, nywele zake, ndoa yake. Kama ameiba, mcheke kwa kuiba. Kama amepiga kura ya kutukamua, mcheke kwa kura hiyo. Ukiacha alichofanya ukacheka alivyoumbwa, umeacha silaha ya wanyonge ukaokota fimbo ya mwalimu wa kibao. Wahenga walishasema hujafa hujaumbika.

Maswali matatu

Sitaki sheria mpya. Nimeona sheria hizi zinavyotumika. Zinatungwa kwa jina la wanyonge, zinafunga wachoraji. Sitaki pia watu waache kucheka, maana Kenya bila kucheka tungekuwa tumeshazimia kwenye foleni ya hospitali. Nataka tu mtu akisema "ni utani" aulizwe maswali matatu, hapo hapo, kwa sauti.

La kwanza: anaweza kukurudishia? Kama ana zamu, ana jukwaa na ana pumzi, hayo yanaweza kuwa mchongoano. Kama hana, sema jina lake, dhihaka.

La pili: ulibeba nini? Kama hukuwepo siku yake mbaya, na hutakuwepo siku ya jeneza lake, wewe si mtani. Wewe ni mtazamaji aliyelewa.

La tatu: kicheko kinapanda au kinashuka? Kikipanda kumfuata mwenye nguvu kwa alichokitenda, hiyo ni kejeli, na tuilinde hata ikiwa chafu, hata ikiwa haichekeshi. Kikishuka, hakuna jina zuri litakalokiosha.

Utasema ni maneno tu. Lakini aliyekosa neno la kuitia jeraha lake huambiwa hana jeraha, na kijana aliyekosa neno la kutetea mchoro wake huambiwa alitukana. Maneno haya hatuyaagizi kutoka popote, tunayo, yamelala kwenye vinywa vya nyanya zetu na watoto wa ploti. Kwa hivyo mtu akikucheka kesho na kukuambia utulie, usimpe tabasamu la kumwondolea aibu. Mwambie: wewe hukunibebea kitu, huu si utani, unanidhihaki. Kisha nyamaza, umwache ashughulike na hilo neno.